Usishike Udongo Wangu

Siku ile ya pili ya Krismasi, uani kwetu Old Moshi, tulikuwepo hawa. Mume wangu, amekaa mlangoni kwenye kiti chake. Kaka yake mkubwa, yaani shemeji yangu, ambaye ndiye aliyesimamia shughuli. Kitinda mimba wetu, ambaye kwa desturi yetu ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Mke wake, ana mtoto mgongoni. Jirani yetu, mzee wa kanisa, aliyeitwa awe shahidi. Na mimi. Kulikuwa na mbuzi pia, amefungwa kwenye mgomba, lakini huyo hahesabiki. Watoto wangu wengine walikuwa Dar es Salaam na Arusha, mwaka ule hawakupanda mlima kuja nyumbani, kwa hiyo wasisingiziwe. Majina ya wote ninayo kichwani, mpaka jina la ubatizo la yule mtoto wa mgongoni. Siyaandiki kwa sababu wana wajukuu wanaosoma.

Tulikutana ili mume wangu arudishe neno alilolisema.

Neno lenyewe lilitoka hivi. Zamani kahawa yetu ilikuwa na mnunuzi mmoja, na ukikata mbuni ulikuwa unaitwa kwa bwana shamba ujieleze. Kisha mambo yakawa ruksa. Wanunuzi wakaja na magari yao na mizani yao, leo bei hii, kesho huwaoni. Dawa ya mrututu, ya kupulizia mibuni, ukanunue mwenyewe dukani. Watu wakaanza kuiacha mibuni ijifie. Mume wangu hakuiacha. Ilipandwa na baba yake, na aliijua mmoja mmoja kama mtu anavyojua ng'ombe zake. Huu uliangukiwa na mgomba ukainuka. Huu ndio uliotusaidia mwaka tulioezeka mabati. Jioni alikuwa anapita katikati yake na kisu cha kupogolea hata kama hakuna cha kupogoa.

Kitinda mimba alimaliza la saba akateremka Chekereni kulima vibarua vya mpunga, na huko akaona watu wanavyouza nyanya. Akarudi akaomba kipande cha juu, karibu na mfereji.

"Nikifa," baba yake akasema.

"Baba, ni mistari miwili tu."

"Nimesema nikifa."

Mume wangu akaenda Marangu kumzika dada yake. Siku anayorudi, mimi nilitoka asubuhi kukata majani ya ng'ombe. Kurudi na mzigo kichwani nikaona mwanga mahali ambapo hapajawahi kuwa na mwanga. Mistari miwili ya juu ya mibuni ilikuwa imelala chini. Kijana amekaa juu ya shina, anakunywa maji, anatabasamu.

Nilikuwa na mundu mkononi. Nisidanganye, niliukamata kwa nguvu. Mibuni ile nimeichuma nikiwa na mimba ya huyu huyu aliyeikata.

Mimi si mpole wa kuzaliwa. Nilipoolewa mdomo wangu ulikuwa moto, mama mkwe akawa anawaambia watu kwamba huyu bibi harusi amekuja na kuni zake mwenyewe. Kilichonituliza ni kuosha kahawa. Ukishaimenya kwa mashine unailaza kwenye ndoo, ule utelezi wake uachie. Ukiiosha mapema inakuteleza vidoleni na uchafu unakauka nayo. Ukichelewa inanuka, na mnunuzi anaitambua kwa pua tu. Lazima uingize mkono uipapase mpaka usikie inakwaruza. Siku moja nilikuwa nimezamisha mikono humo huku namtukana mama mkwe moyoni, nikajiuliza, hivi hasira yangu nayo si ina utelezi? Kwa nini naitoa hivi hivi? Tangu hapo nikaanza kuyapapasa maneno kabla ya kuyatoa. Ilinichukua miaka. Watu wakadhani nimezeeka.

Basi nikatua mzigo. Nikangoja mpaka pumzi ikarudi mahali pake. Nikamwambia, "Baba, mzee anarudi leo. Nenda sasa hivi kwa baba yako mkubwa, mje pamoja mumpokee njiani. Asikie kwa mdomo wako kabla hajaona kwa macho."

Akacheka. "Mama nawe! Akiona nyanya zimeiva atacheka mwenyewe."

Hakwenda. Na mimi nikiteremka njiani kumngoja mzee, mzee alikuwa amepitia njia ya juu. Nilisikia sauti yake kabla sijafika. Alikuwa amesimama katikati ya mashina na nguo zake za msibani, na udongo wa kaburi la dada yake ulikuwa bado kwenye viatu.

"Umeshindwa kungoja nife," alikuwa anasema. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. "Haya. Nikifa, usishike udongo wangu."

Asiye wa huku aelewe. Kitinda mimba asiposhika udongo na kuutia kwenye kaburi la baba yake, anaweza kuishi kwenye kile kihamba, shamba la ukoo, akala ndizi zake na kulala ndani ya nyumba, lakini watu watamtazama kama mpangaji. Na yeye mwenyewe atajiona mpangaji. Likiuma hata jino la mtoto wake, atajua ni kwa nini. Neno la namna hiyo halifutwi na kanisa wala serikali. Linarudishwa na mdomo uliolitoa.

Kijana akachukua mke wake wakateremka Chekereni. Nyanya hazikupandwa.

Nikaanza kazi ya kumlainisha mume wangu. Sikumlaumu. Nilimsubiri akishiba, akiwa amekaa vizuri, ndipo namtajia mtoto, neno moja, naacha. Nikisikia anateleza naacha. Shemeji naye akawa anapita akizungumza habari za pombe ya mbege na za ng'ombe, na za kijana mwishoni kama vile amezikumbuka tu. Hatimaye mzee akasema, "Waje Krismasi."

Ndiyo siku niliyoanza nayo. Kijana alikuja na jani la isale amelifunga fundo. Ni lile tunalopanda mipakani. Ukimpelekea uliyemkosea, hawezi kulikataa, hata awe na uchungu namna gani. Sijawahi kuona aliyelikataa. Mama yangu hakuwahi kuona, wala mama yake.

Shemeji akakohoa. "Ndugu yangu, mtoto amekuja."

"Namwona."

"Ana kitu mkononi."

"Nakiona."

"Sasa kione kwa mkono, macho yako yenyewe hayafanyi kazi sawasawa."

Mzee wa kanisa akacheka. Midomo ya mume wangu nayo ikacheza kidogo. Kijana akainama. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Ilikuwa salamu yao ya kwanza tangu siku ya mibuni. Kijana akanyoosha jani kwa mikono miwili. Mume wangu akanyoosha mkono wake, na mkono ukiwa bado hewani akasema, "Jani umeleta. Si ungeniletea mibuni."

Ulikuwa mzaha. Nimelala naye miaka yote hiyo, mzaha wake naujua. Ulikuwa mzaha wa mtu anayetaka kukubali bila kuonekana amekubali upesi. Lakini mtoto wangu hakuupapasa.

"Mibuni?" akasema. "Baba, hiyo mibuni imekupa nini siku hizi zaidi ya kikohozi cha dawa? Mji mzima wanakata! Hata baba mkubwa amepanda nyanya, muulize!"

Mume wangu akamgeukia kaka yake. "Na wewe?"

"Kipande tu," shemeji akasema akitazama chini. "Cha kule bondeni. Hakionekani."

"Hakionekani," mume wangu akarudia. Akalichukua jani, akalitupa kwenye samadi.

Mke wa kijana akapiga yowe, "Yesu!" Mtoto mgongoni akaanza kulia. Mzee wa kanisa akasimama na kofia yake, akakaa, akasimama tena. Shemeji akawa anasema, "Umetupa isale. Meku, mzee mzima, umetupa isale," kama mtu anayemweleza kipofu. Kijana machozi yanamtoka kwa hasira, akaenda kumfungua mbuzi. "Na mbuzi wangu narudi naye!" Mbuzi akagoma, wakavutana pale kwenye mgomba, na laiti ingekuwa siku nyingine tungecheka mpaka tukae chini.

Kila mtu alikuwa anasema. Mimi nikaenda kwenye samadi nikaliokota lile jani, nikaliosha kwa maji ya ndoo. Nilihitaji muda ule wa kuliosha. Kisha nikamwambia mume wangu, "Baba watoto, hili siwezi kulipokea kwa niaba yako. Ninaliweka. Siku ukilitaka, uniulize." Kijana nikamwambia, "Usikate mguu. Rudi Pasaka."

Mzee wa kanisa akanitazama. "Mama, una moyo wa ajabu."

Nililipokea neno hilo kama sifa, na kwa muda nililipenda.

Mume wangu hakutaja kitu mpaka masika, Pasaka ikiwa bado. Jioni moja tulikuwa kwenye mibuni, yeye anapogoa, mimi naokota vijiti vya kuni. Akasema bila kugeuka, "Kile kitu ulikiweka wapi?"

"Kipo."

"Hm," akasema. Akaendelea kupogoa.

Ningeweza kukimbia ndani nikakileta. Nikamsikiliza pumzi zake, nikasikia bado kuna utelezi, nikasema nisimharakishe, atauliza tena. Wiki ile ile alianguka pale pale kati ya mibuni. Kiharusi. Mdomo ukaenda upande, na mkono wa kulia ukafa.

Tuliita kijana, akaja. Kitandani tulikuwa mimi, shemeji, kijana na mke wake. Nikatia isale kwenye mkono wa kushoto wa mume wangu, ule uliokuwa hai, na mkono wa mtoto nikauweka chini yake. Nikamwambia, "Baba watoto, mtoto ndiye huyu. Mrudishie neno lake." Macho yalikuwa yanaona. Koo likafanya kazi kama mtu anayevuta kitu kizito kutoka kisimani. Ikatoka sauti.

Mimi nilisikia mwanzo wa neno. Shemeji hakusikia hivyo. Alingoja sana, akainama akaweka sikio, akanyanyuka akasema, "Ni pumzi, shemeji. Neno lililotoka kwa mdomo linarudi kwa mdomo. Hii ni pumzi." Mume wangu akalia, jicho moja. Hakuweza zaidi ya hapo, na baadaye hata hiyo sauti haikutoka. Akafa.

Tulimzika migombani. Watoto wangu wakubwa walipanda wote safari hii. Ilipofika zamu ya kitinda mimba, alikuwa amesimama mbali, kwenye yale mashina aliyokata, ambayo yalikuwa yamechipua.

Shemeji akamwita. "Njoo ushike, mwanangu. Mimi ndiye mkubwa wa ukoo, nimekuruhusu."

"Wewe hukunikataza, baba mkubwa."

"Njoo, watu wanangoja."

"Aliniambia nisishike. Sasa leo hawezi kunizuia ndiyo nimdharau?"

Nikamfuata pale aliposimama. Moyo ulikuwa unataka nijitupe chini nimshike miguu. Nikaungoja. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba baba yake alikuwa ameliuliza lile jani, na kwamba kitandani mimi nilisikia neno.

"Mama," akasema, "siku ile ya mbuzi ungepiga kelele. Ungepiga kelele tu, kama mama za wenzangu. Mzee alikuwa hamwogopi mtu ila wewe. Wewe ukaenda kuosha jani." Akajifuta uso. "Hata leo. Umezika mume, na unaongea kama mtu aliyekuja kununua maziwa."

Nilipapasa, sikukuta kitu.

Akaondoka kabla ya chakula cha msiba. Tukasikia yuko Mererani, kwenye mashimo ya madini. Hajapanda Krismasi hata moja. Mke wake hulima mpunga Chekereni, huniletea mchele na mtoto, tunakaa, hatumtaji. Shemeji alikata kahawa yake yote. Majirani nao walikata. Mistari ile ambayo nyumba yangu ilivunjika kwa ajili yake, leo ukimpa mtu bure ataiona ni kuni.

Watu huniletea mabinti zao wenye mdomo moto, nizungumze nao. Wananisifu, mama yule hajawahi kufoka. Huwa nawaambia mabinti waoshe kahawa, halafu nakumbuka hakuna kahawa. Ninachokijua sicho wanachokuja kukisikia. Nilijifunza peke yangu, katika nyumba ambayo wengine hawakujifunza. Nikatuliza moyo mmoja kati ya mitatu. Na huo mmoja wenyewe, mtoto wangu aliutazama akadhani ni jiwe.

Ndivyo ninavyoikumbuka. Pengine aliyeanza kupaza sauti siku ya mbuzi ni mtoto na si mama yake, na pengine mzee wa kanisa alisema "roho" na siyo "moyo." Aliyekuwepo na anisahihishe, sitakasirika. Ila hasa ile siku ya kitandani. Mke wa mwanangu alikuwa upande wa pili wa kitanda, karibu na mdomo kuliko sisi, na sijawahi kumuuliza. Kama yeye, au yeyote aliyekuwa mlangoni, alisikia zaidi ya pumzi, hata nusu ya neno, asinionee huruma na asiniongezee. Aje aniambie alichosikia, na kama ni neno, tumpelekee mwanangu huko aliko. Na kama ilikuwa pumzi, aje pia.