Ushahidi wa Nyuki

Mume wangu aliletwa nyumbani Chemchem kwa bodaboda, uso umevimba mpaka jicho moja halionekani. Nyuki walikuwa wamemshambulia porini, alikokwenda kurina asali. Nilitoka mbio nikamshika mkono ashuke, nikimpa pole. Akauchomoa mkono wake. Pole yangu hakuiitikia. Aliniuliza, mbele ya dereva wa bodaboda na mbele ya mama yake aliyekuwa amekaa barazani:

"Ulikuwa na nani?"

Asiyejua atadhani sumu ya nyuki ilikuwa imempanda kichwani. Wapi! Alikuwa na akili zake timamu. Kwa warina asali wa kwao, upande wa Puge, mume akiwa porini mke hutakiwa atulie: asigombane na mtu, na zaidi ya yote asilale na mwanamume mwingine. Akivunja mwiko huo, nyuki humgeukia mume. Mimi ni mtoto wa mjini, lakini nilipoolewa niliambiwa, nikakubali, na kila msimu niliushika. Hata jirani aliyenimwagia maji machafu mlangoni nilimnyamazia, kisa mume wangu yuko kwenye mizinga. Halafu ati naulizwa nilikuwa na nani!

Nilimjibu kwamba nilikuwa na mama yake, amuulize. Mama mkwe akatazama chini, akasema yeye hulala mapema. Nilimchukia palepale, na sioni haya kusema.

Uvimbe ulishuka, hasira zake hazikushuka. Zamani kicheko changu kilimfurahisha. Alikuwa akisema alikisikia sokoni kabla hajaniona, na ndicho kilichomvuta. Sasa nikicheka na muuza mchicha, ananuna. Nikijipaka hina, ni kwa ajili ya nani? Nikichelewa bombani, nilisimama na nani? Mwanamke ni yule yule, kanga ni zile zile. Na mimi nikaanza kumwona vingine. Ule ukimya wake niliokuwa nikiwaringia mashoga zangu, kwamba nimepata mume mtulivu, kumbe ni gubu tupu. Anavyotafuna, anavyokohoa kabla ya kusema neno, vyote vikawa vinanikera. Tulikuwa tukila sahani moja. Nikaanza kumpakulia chake peke yake.

Siku moja mrina mwenzake, aliyekuwa naye porini, akaja kumjulia hali. Nikampa kiti na chai, kisha nikakaa papo hapo, sikuondoka. Mtu yule ana maneno, akasimulia yote huku akicheka. Mwenge wa moshi ulikuwa umezimika, akasema. Alimwambia mume wangu ashuke mtini auwashe upya, mume wangu akajibu kwamba nyuki wenyewe wamelala, akafungua mzinga hivyo hivyo bila moshi. Basi wakamtandika.

Nilimkazia macho mume wangu, nikingoja. Sikutaka anipigie magoti. Neno moja tu lingenitosha. Akakohoa, akamwuliza mgeni kama mvua imenyesha kwao.

Mgeni alipokwisha kuondoka nilimwuliza kama amesikia.

"Nimesikia," akasema. "Lakini mwenge wangu haujawahi kuzimika. Jiulize kwa nini uzimike siku ile."

Nilielewa kwamba hata nyuki wenyewe wangekuja kuniombea, mtu huyu angepata la kuwajibu. Nikasema moyoni nifungashe nirudi kwetu. Kisha nikawaza uso wake siku hiyo ya kuondoka kwangu, akiwaambia watu: si mnaona, amejiondokea mwenyewe, alijua alichofanya. Nife kwanza. Sikumpa furaha hiyo.

Kwa hiyo tunaishi wote mpaka leo. Msimu ukifika namwandalia safari mimi mwenyewe. Mwenge naufunga kwa magome makavu, naukaza, na kiberiti namtilia kila mfuko wa koti. Namsindikiza mpaka barabarani, kisha nasimama palepale namwomba Mungu, kwa sauti, nyuki wasimguse hata mmoja. Maana wakimgusa yeye, nitakayevimba ni mimi.

Majirani hunisikia. Wanasema yule mwanamke, jamani, anampenda mumewe.