Ngoma ya Bibi kwenye Tairi

Mazoezi tulifanyia kwenye matairi. Mimi na mwenzangu wa bwenini, Mbrazili ambaye mababu zake walihamia huko kutoka Japani, tuliyaviringishia selotepu pana ya kufungia mizigo niliyoinunua Xiaobei, mtaa wa maduka ya Waafrika hapa Uchina, tukawa tunayapiga kwa vijiti nyuma ya maktaba ya chuo. Ndivyo walivyojifunzia ngoma za Kijapani mtaani kwao, alisema, maana ngoma zenyewe ni ghali.

Kijapani chenyewe hakijui. Wachina wakiiona sura yake humsemesha Kichina, na akibabaika wanamshangaa. Siku moja nikamtania, Mjapani gani huyu? Hakukasirika.

"Kwetu naitwa Mjapani, na Japani naitwa Mbrazili," alisema. "Nikipiga ngoma ndipo napumzika kujieleza."

Tamasha la utamaduni la chuo lilipokaribia, alitaka tupige pamoja, nusu ya kwao na nusu ya kwetu. Nilikubali upesi mno. Chuo kizima kinaamini kila Mwafrika kazaliwa na ngoma mkononi, nami sikuwa na haraka ya kukanusha. Ukweli ni kwamba nimekulia Ilala, na ngoma naziona harusini kama mgeni mwalikwa mwingine yeyote. Lakini marehemu bibi mzaa mama alikuwa Mmanyema, wazee wake walitoka Kongo, na ujanani alisifika kwa kupiga ngoma ya wanawake wa kwao. Nikajipa moyo kwamba mama atakuwa ameirithi.

Nikampigia simu ya video, mwenzangu akiwa pembeni yangu. Mama alicheka, kisha akachukua sinia, akaliweka mapajani, akaanza. Sikuwahi kumwona hivyo. Vidole vilikwenda vyenyewe, mabega yakafuata, na mwenzangu akayadaka mapigo palepale kwenye tairi. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Mara mama akaacha. Nikamwomba aendelee.

"Sijui kinachofuata, mwanangu," alisema. "Hapo ndipo watoto tulipokuwa tunatolewa nje. Iliyobaki ilikuwa ya wakubwa."

Nikamuuliza, na alipokuwa mkubwa je? Akasema wakati huo walishahamia mjini, majirani wakawa wanamcheka bibi, naye akaacha kupiga. Alilisema hilo taratibu, huku akilifuta sinia kwa upande wa kanga. Iliniuma sana, zaidi kwa ajili ya mama kuliko kwa ajili yangu.

Mwenzangu hakuelewa hata neno moja. Alikuwa ameinua vijiti, anasubiri kipande kinachofuata. Nikamwambia ya kwetu imeishia hapo, aanze ya kwao.