Kuku wa Baba Mkwe

Acha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani. Mimi nachuma chai kwa mzungu hapa Kericho. Juzi baba mkwe alikuja kuona kama binti yake anakula vizuri, na sikuwa na kuku hata mmoja. Nikanasa kindi mnene, nikamlaza ndani ya maziwa lala, nikamchemsha polepole mpaka nyama ikalainika kabisa. Nikasema ni kuku.

Mzee alikula akilamba vidole. Kichwa kikanivimba!

Kisha akadai kile ambacho kwetu mgeni wa heshima hakosi: "Firigisi yangu iko wapi?"

"Baba, kuku huyu hakuwa nayo."

Akatazama mifupa kwenye sahani.

"Firigisi hana, mwanangu, lakini miguu minne anayo?"