Neno la Kizungu lililomlaza mdogo wake

Saa moja asubuhi, kwenye eneo la ujenzi, Dada Redio amesimama chini ya winchi, kofia ngumu imembana kichwani, shingo ameikunja kutazama juu. Redio ya mawasiliano inaning'inia kiunoni, lakini haigusi. Anaelekeza kwa mikono: inua, teremsha, simama.

Yeye ndiye macho ya dereva wa winchi, ambaye kutoka kule juu hawaoni watu walio nyuma ya nguzo. Jina la Dada Redio walimbatiza wenzake kwa kuwa mdomo wake haukuwa na likizo. Siku hizi kumtoa neno ni kazi.

Mwaka jana redioni kiliruhusiwa Kiingereza tu, ili mhandisi mgeni asikie kila kitu. Dada Redio alikuwa amefika kidato cha nne; hakuona shida.

Siku moja dereva aliuliza kama ateremshe nondo palepale. Dada Redio akamjibu "right", akimaanisha sawa, kama alivyozoea kumsikia mhandisi. Dereva alilijua neno hilo kwa maana moja tu: kulia. Akauzungusha mzigo kulia.

Huko alikuwa ameinama mfunga nondo, mdogo wa kiume wa Dada Redio. Kibarua hicho alimtafutia yeye mwenyewe.

"Mimi na dereva wote tumekua na Kiswahili," anasema, akifuta jasho kwa kiganja. "Ningesema 'sawa' tu, leo angekuwa anatembea."

Mzigo ulimpiga kijana, uti wa mgongo ukavunjika. Kampuni ililipia matibabu ya mwezi mmoja, ikanyamaza. Amri ya Kiingereza ilifutwa kwa tangazo la mistari miwili ubaoni.

Nusu ya mshahara wa Dada Redio sasa inaishia kwenye dawa na nepi.

Mama yao hakumung'unya maneno: "Kizungu chako hicho ndicho kilichomlaza mwenzako." Hajayarudia, wala hajayafuta.

Kila jioni Dada Redio humgeuza mdogo wake, humsafisha vidonda, humlisha. Kijana hula, kisha hugeuza uso ukutani. Tangu atoke hospitali hajamwita dada.

Kwa nini hakuacha kazi?

"Niache, tule nini? Mawe?"

Madaktari wamesema kijana hatasimama tena.

"Hilo nimeshalimeza," anasema. "Ninachongoja ni anitukane. Anitukane mpaka achoke. Hapo nitajua bado nina mdogo wangu."