Gustave Alivyoposa Pikipiki ya Mzee Cele

Gustave ni fundi cherehani, mtu wa Bukavu, na hapa Jeppestown, mtaa wa Wazulu na wageni, tulipakana ukuta. Mwaka 2015, watu walipovunja maduka ya wageni, alikimbilia kwangu mikono mitupu. Aliporudi chumbani kwake alikuta meza zimelala chali na cherehani zote zimekwenda. Hakulaani mtu. Alisema tu kwamba mali yake nyingine itakuwa na magurudumu.

Nilimwelewa. Cherehani ya chuma huibebi mgongoni huku unakimbia. Na benki, kibali chake cha kuishi nchini kikiisha muda tu, akaunti inafungwa mpaka akapange foleni upya. Basi akakodi cherehani ya mtu, akashona sare za shule na magauni ya kanisani, huku anatafuta pikipiki ya kuweka akiba yake ndani kama wengine wanavyoiweka kwenye ng'ombe. Siku ya kufungua duka lake aiuze, pesa irudi ileile.

Amosi, fundi wa pikipiki mtaa wa nyuma, ndiye aliyemfundisha. Asiguse zile za mbio, zilizojikunja kama paka anayetaka kuruka. Bei yake inaporomoka, na wezi wanazipenda. Achukue kruza, ile nzito ya kiti cha chini na usukani mpana, unayoendesha umeegemea kama uko sebuleni. Iwe imeshatumika, maana hasara ya upya kaibeba mwenzako. Na iwe na vitu vyake vya kiwandani, rangi na ekzosi na kiti, kwa sababu iliyochokonolewa wanunuzi huikimbia.

Mwaka 2017 akaipata mtaa wa Bertrams, kwa Mzee Cele, mstaafu wa reli ambaye magoti yalikuwa yamemkatalia kupanda. Yamaha nyeusi, imefunikwa shuka safi. Gustave alikwenda peke yake asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa mlangoni kwangu, uso umemshuka. Mzee alikuwa amemwonyesha geti.

"Mama, mie sikumutukana," akasema. "Kwetu sokoni Kadutu ukisifia kitu, bei inapanda. Nilisema tu iko muzito kama ng'ombe mugonjwa."

"Ukamwambia mwenyewe?"

"Na kama vyuma vyake vimezeeka kumupita yeye."

Nilicheka mpaka nikakaa. Nikamwambia amekwenda kwa mtu kumwambia binti yake ana matege, halafu palepale akaulizia mahari. Sokoni kwao hayo ni mazungumzo. Kwa Mzulu aliyeitunza pikipiki miaka yote ile, ni tusi.

Mimi nimeolewa na watu hawa. Marehemu mume wangu alinioa Morogoro akiwa uhamishoni, na tulipokuja kwao niliona jinsi wajumbe wa posa wanavyofika. Hawabishi hodi. Wanasimama nje ya geti na kuita majina ya sifa ya ukoo wa mwenye nyumba, mpaka atakapoamua kuwasikia. Ni kazi ya wanaume, lakini mwanamume wa kumpeleka sikuwa naye. Jumamosi nikamvalisha Gustave koti, tukaenda.

Nikaita, "Ndosi! Magaye!" Pazia likasogea, likarudi. Nikaita tena. Jua likatuchoma, majirani wakatoka kutazama, na Gustave akaninong'oneza kwamba twende, tunachekwa. Nikamwambia mchumba hana haki ya kuchoka.

Mwisho Mzee Cele akatoka na fimbo yake, akijitahidi kununa. Akaniuliza mimi ni mke wa nyumba gani. Nilipomtajia ukoo wa mume wangu aliinamisha kichwa. Kisha akamgeukia Gustave: ng'ombe mgonjwa anamtakia nini?

Gustave hakusifia wala hakuponda. Kwa Kizulu chake cha kuunga-unga alieleza habari za cherehani zake, za akaunti, za duka analolitaka. Mzee alisikiliza amejiegemeza kwenye geti. Akasema ujana wake ulikuwa hosteli ya vibarua ya Jeppe, na sanduku lake lilivunjwa zaidi ya mara moja. Ndipo akafungua.

Bei haikupungua hata senti, na Gustave hakuthubutu kuomba. Ila mzee alitoa sharti: asiibadilishe kitu. Hapo kijana wangu akalitazama tangi, kwa maana alishapanga kuandika juu yake "Ebeneza", shukrani kwa Mungu, kwa rangi ya dhahabu. Njiani nilimsikia anaguna kwamba Mungu atamwona mchoyo. Nikamjibu Mungu anasoma hata pasipoandikwa.

Aliitunza. Kila Jumapili aliipangusa kabla hajapiga pasi suruali ya kanisani. Septemba 2019, fujo ziliporudi mtaani, aliipanda akavuka mji mpaka kwa rafiki yake Newtown, na safari hii hakuacha nyuma kitu cha kuibwa. Akiwa huko aliona chumba cha duka kinapangishwa.

Akaiuza kwa mwanachama wa klabu ya waendesha kruza. Mtu yule aliizunguka, akachuchumaa, akagusa rangi ya kiwandani, akatoa bei ileile aliyonunulia Gustave na akaongeza kidogo juu yake.

Sasa kuna cherehani mbili Newtown, mpya, na kofuli la maana mlangoni. Juzi nilimpelekea kitenge changu. Ameniambia nirudi Alhamisi, kazi zimemjaa.