Maji ya Kumkoshea Maiti

Leo nimemnyima maiti maji.

Tangu asubuhi nimo shimoni Malindi, nnaziba bomba la mtaa. Koki nshaifunga, na Mzungu, mkubwa wetu wa idara ya maji, anataka kazi iishe leo.

Akaja Bi Zuwena na ndoo. "Mwanangu, fungua kidogo. Tuna maiti wa kukosha."

Wiki iliyopita aliniambia hivyo hivyo. Nikafungua, nikenda kutoa mkono wa pole, nikamkuta mumewe barazani anakunywa kahawa. Bibi mwenyewe anafua.

Basi leo nikamjibu, "Nisalimie huyo maiti."

Akaondoka na ndoo tupu, hakubembeleza. Hapo ndipo ilinipasa nijue.

Punde jeneza likaletwa mlangoni kwake. Barazani mumewe hayupo.

Nimefungua. Shimo limejaa maji, kesho naanza upya.

Nyinyi mngemwamini?