Kambi Imepewa Jina la Marehemu Mdogo Wangu

Admin naomba unifiche, na ofisi pia usiitaje, maana Karatu ni ndogo, watu wanajuana.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tatu, Mmasai wa Piyaya. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mnisamehe nikikosea kuandika. Nafanya kazi Karatu mjini kwenye ofisi inayotunga maneno ya biashara. Ukiwa na loji au kahawa au asali yako, wao wanakutafutia jina, wanakuandikia na yale maneno ya kwenye kibao na kwenye mtandao ili wageni waje. Mimi nafagia, nachemsha chai, nafungua geti. Siongei sana. Kuna kaka anachora nembo, Mwiraqw wa Kansay, huwa ananitania kwa jina wanaloitwa vijana wote wa Kimasai mjini, "Yero, leo umetubania, hata neno moja hujatoa." Nacheka tu.

Mwaka jana mdogo wangu wa kike, yule anayenifuata, alifariki kwa uzazi huko nyumbani. Damu haikukata na gari lilichelewa. Mtoto alipona, yuko kwa mama. Marehemu alikuwa akija mjini kuuza bangili za shanga anapitia ofisini kunisalimia, na dada mmoja anayeandika pale alimpenda sana. Huyo dada ana roho nzuri jamani. Siku ya msiba ndiye alinisindikiza kwenye gari, akalia kuliko mimi.

Sasa sisi kwetu mtu akishazikwa jina lake halitajwi tena. Mama halitaji, mimi silitaji. Kuna mtoto wa jirani alikuwa nalo hilo hilo, siku hizi anaitwa lingine ili mama asisikie. Sio uchawi. Ni heshima, na uchungu pia, maana ukimwita unamtaka aitike na yeye hawezi.

Akaja mteja anajenga kambi ya mahema barabara ya kwenda geti la Ngorongoro, anataka jina la Kimasai. Pale ofisini majina wanayaandika kwenye karatasi kubwa, wanabandika ukutani, watu wanasoma wanachagua. Mimi nikaingia na chupa ya chai, nikaangalia ukuta. Mimi nikisoma lazima mdomo uende, kusoma kimya kimya sijui. Nikaenda herufi moja moja, mwisho nikajisikia nimelitamka. Jina lake, mimi mwenyewe, mbele ya watu.

Wote wakageuka. Madam, ndiye bosi wetu, akasema, "Mmesikia linavyotoka? Hebu sema tena."

Chai nikaimwaga mezani.

"Yero ana aibu kama bibi harusi," yule kaka akasema. "Madam usihangaike naye, kikao chote narekodi. Ninalo hapa."

Mteja akalipenda hapo hapo. Dada akanifuata jikoni, machozi yanamlenga, kumbe yeye ndiye aliyelibandika. Akaniambia, "Mdogo wangu, nimefanya kwa ajili yake. Sasa hatasahaulika." Nilitaka kumwambia dada, sisi tunamkumbuka kwa kunyamaza. Ikatoka, "Sawa dada." Akanikumbatia, akajua nimefurahi.

Kibao kimeshasimama barabarani, herufi kubwa kabisa. Hata makonda wa Noah za abiria wameshafanya kituo, wanaliita jina lake halafu wanauliza nani anashuka. Kwenye mtandao wameweka maneno ya Kiingereza, yule kaka akanitafsiria huku anajisifia kazi ya ofisi: "Anakusubiri. Njoo upumzike mikononi mwake." Mikono hiyo haikuwahi hata kumbeba mwanae. Halafu chini yake kuna alama ya wageni kujifunza kulitamka. Ukiibonyeza, inayotoka ni sauti yangu.

Juzi mama kanipigia kwa simu ya mdogo wetu wa kiume. Vijana wa kule wameshaipata, wameicheza bomani, baba akainuka akaondoka, hakula. Mama hakugomba. Aliuliza taratibu, kwa lugha yetu, "Wanasema unamwita. Unamwita wa nini, mwanangu?" Nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Wiki ijayo anakuja Karatu kutibiwa macho, na gari lolote la kutoka kwetu juu linapita pale pale kwenye kibao.

Sijui nianzie wapi. Nikimwambia dada ukweli, najua atakwenda kwa Madam kuomba libadilishwe, na kila kitu kimeshachapishwa, nguo za wafanyakazi, vikombe, hata magari yameshaandikwa. Madam atamfukuza yeye kwanza maana wazo ni lake. Huyo ndiye mtu pekee mjini hapa aliyenishika mkono nikiwa na msiba. Nisiposema, watu wataendelea kubonyeza na mimi nitaendelea kumwita, mchana na usiku, hata nikiwa nimelala. Nimejaribu kumwambia dada. Nafika mlangoni kwake, anainua kichwa anatabasamu, naishia kumuuliza kama anataka chai. Jana akasema, "Mama akija umlete, nataka nimpeleke akaione kambi ya binti yake." Nikaitikia.

Nimeandika huku kwa sababu kuandika naweza kwenda taratibu bila kuangaliwa. Wakubwa zangu, dada zangu, nipeni mawazo. Nianze na dada au nianze na mama? Na mama akiniuliza tena uso kwa uso kwa nini namwita mwanae, nimjibu nini?

Ila naomba kitu kimoja. Nyie mnaoijua hiyo kambi, mkichangia hapo chini msiliandike jina lake. Mama hajui kusoma, lakini wapo watakaomsomea.